Dougga: Mji wa Kirumi Uliojengwa na Waafrika

Mitaa ya Dougga haijanyooka. Mgeni aliyezoea picha za miji ya Kirumi huligundua jambo hilo kabla hajafika hekalu la kwanza. Njia iliyotandikwa mawe inapanda, inapinda, inatokea kwenye kiwanja kidogo, kisha inateremka kwa ngazi mpaka mlangoni pa nyumba ambayo wenyewe walifariki miaka 1,700 iliyopita. Hakuna barabara kuu inayopasua mji kutoka lango hadi lango, wala kona za mraba. Kila jengo limekaa pale mteremko ulipoliruhusu kukaa.

Katika nchi jirani ya Algeria mambo ni mengine kabisa. Mji wa Timgad, ulioasisiwa mwaka 100 BK na Kaisari Trajan kwa ajili ya askari wastaafu, ulipimwa kwa kamba na kugawanywa kama ubao wa drafti. Wapimaji wake walikuta uwanja mtupu, wakachora walivyotaka. Dougga hawakupata nafasi hiyo, kwa sababu Warumi walipofika kilimani hapo walikuta mji wenye umri wa mamia ya miaka, wenye mahekalu yake, makaburi yake ya heshima na viongozi wake. Haukubomolewa. Watu wake waliendelea kukaa walipokuwa, na ndio waliojenga, tena kwa fedha za mifukoni mwao, sehemu kubwa ya kile ambacho leo kinaitwa magofu ya Kirumi. Majina yao yamechongwa kwenye mawe, na anayepita Dougga bila kuyaangalia atakuwa ameona nusu tu ya mji.

Kilima juu ya mashamba ya ngano

Dougga iko kaskazini mwa Tunisia, kiasi cha kilomita 110 kusini-magharibi mwa Tunis. Msafiri asiye na gari lake hupanda gari la abiria hadi mji mdogo wa Teboursouk, kisha hukodi teksi ya kummalizia kilomita chache zilizobaki. Magofu yamelala ubavuni mwa kilima chenye mwinuko wa karibu mita 570 kutoka usawa wa bahari. Chini yake kuna bonde la mto Khalled, lenye mashamba ya ngano yanayogeuka kijani majira ya kuchipua na rangi ya dhahabu yanapokaribia kuvunwa. Mizeituni imepanda kutoka bondeni hadi ndani ya magofu yenyewe, ikaota kati ya kuta na juu ya vyumba ambavyo havijafukuliwa.

Ngano na mafuta ya zeituni ndivyo vilivyoufanya mji huu. Mkoa wa Afrika ulikuwa miongoni mwa maghala makubwa ya chakula ya Roma, na mabonde ya kaskazini mwa Tunisia yalikuwa kiini cha ghala hilo. Dougga wenyewe haukuwa mji mkubwa. Wataalamu hukadiria kuwa enzi za ustawi wake ulikuwa na wakazi 5,000 hivi. Hata hivyo mwaka 1997 UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia na kuueleza kuwa ndio mji mdogo wa Kirumi uliohifadhika vizuri kuliko yote ya Afrika Kaskazini. Carthage na El Jem hujaa watalii, lakini huku kilimani mgeni anaweza kutembea saa nzima akakutana na mchungaji na kondoo wake tu.

Historia ya maandishi inaugusa mji huu kwa mara ya kwanza mwishoni mwa karne ya 4 KK. Mwanahistoria Diodorus wa Sicily anasimulia kwamba Agathocles, mtawala wa Syracuse aliyekuwa akipigana na Carthage kwenye ardhi ya Afrika, alimtuma jemadari wake Eumachus bara, naye akauteka mji mkubwa ulioitwa Tokai. Wataalamu wengi wanaona kuwa Tokai ndiyo Dougga. Kilimani yako pia makaburi ya dolmeni, yaliyojengwa kwa mawe makubwa bapa yaliyosimamishwa na kufunikwa kwa jiwe jingine. Waliozikwa humo waliishi kabla Roma haijawa na neno lolote la kusema kuhusu Afrika.

Katika karne ya 2 KK mji ulikuwa chini ya wafalme wa Numidia, mababu wa Waberberi ambao wenyewe leo hupendelea kuitwa Waamazigh. Mashuhuri kati yao alikuwa Massinissa. Wapanda farasi wake ndio walioisaidia Roma kumshinda Hannibal kwenye vita vya Zama mwaka 202 KK, na baada ya hapo alitawala zaidi ya miaka 50 huku akipanua ufalme wake. Alifariki mwaka 148 KK. Katika mwaka wa kumi wa utawala wa mwanawe Micipsa, yaani mwaka 139 KK, watu wa Dougga walimjengea Massinissa hekalu la kumuenzi.

Jiwe la hekalu hilo lilifukuliwa mwaka 1904, na sasa limehifadhiwa katika Makumbusho ya Bardo jijini Tunis. Limeandikwa kwa lugha mbili, Kipuniki kilichozungumzwa Carthage na Kilibia cha kale cha wenyeji, na linawataja viongozi wa mji kwa vyeo vyao, wakiwamo wakuu wa mia. Basi huu ulikuwa mji wenye serikali yake, unaoweka kumbukumbu zake kwa lugha mbili, zaidi ya miaka 90 kabla haujatiwa ndani ya himaya ya Roma.

Mnara na orodha ya mafundi

Chini ya magofu, upande wa kusini, umesimama mnara wa kaburi wenye urefu wa mita 21. Wageni wengi huuona kwa mbali wakauacha, kwa kuwa kuufikia ni kuteremka na kisha kupanda tena juani. Wanaojitahidi kufika wanaona mojawapo ya majengo machache sana ya enzi za Numidia yaliyosalia. Ulijengwa katika karne ya 2 KK, na una ghorofa tatu juu ya ngazi. Mafundi wake walichukua nguzo za mtindo wa Kigiriki, wakaongeza kingo za juu za mtindo wa Misri, wakamalizia na piramidi ndogo yenye simba kileleni. Kwenye ghorofa ya juu zimechongwa sura za magari ya kukokotwa na farasi wanne. Hapana jengo linaloonyesha wazi zaidi jinsi watu wa bara hili walivyokuwa wakiiangalia Bahari ya Kati yote na kuchagua kilichowapendeza.

Kwa karne nyingi mnara huo ulikuwa na jiwe lenye maandishi. Mwaka 1631 Thomas d'Arcos, Mfaransa aliyesilimu na kuishi Tunis, aliyanakili. Mwaka 1765 alipita James Bruce, msafiri wa Kiskoti ambaye baadaye alikwenda Ethiopia kutafuta chanzo cha Nile, naye akauchora mnara ukiwa bado umesimama.

Kisha akaja Sir Thomas Reade, konsuli mkuu wa Uingereza nchini Tunisia. Kabla ya hapo alikuwa miongoni mwa maofisa waliomlinda Napoleon kifungoni katika kisiwa cha St Helena. Mwaka 1842 aliamua kwamba jiwe la maandishi lazima liende Uingereza. Lilikuwa limejengewa ndani ya ukuta wa mnara, kwa hiyo ili kulitoa, watu wake waliuangusha mnara karibu wote. Jiwe likachukuliwa, na mengine yakaachwa chini yamezagaa. Reade alifariki mwaka 1849, na mwaka 1852 maandishi yale yaliingia katika Makumbusho ya Uingereza mjini London, yalipo hadi leo. Ni konsuli huyohuyo aliyemhimiza Ahmed Bey, mtawala wa Tunisia, akomeshe biashara ya watumwa na hatimaye utumwa wenyewe mwaka 1846. Historia imemuandikia mambo yote mawili, na lililo jema halilifuti lile la Dougga.

Mnara unaoonekana sasa ulijengwa upya kati ya mwaka 1908 na 1910 na mwanaakiolojia Mfaransa Louis Poinssot, kwa mawe yaleyale yaliyokuwa yamelala chini. Alikuwa na michoro ya wasafiri wa zamani ya kumwongoza, ukiwamo wa Bruce.

Na jiwe lenyewe linasema nini? Nalo pia ni la Kipuniki na Kilibia, na linamtaja Ateban, mwana wa Iepmatath, mwana wa Palu. Kwa muda mrefu Ateban alidhaniwa kuwa ndiye mtukufu aliyezikwa mnarani. Wataalamu wa baadaye walitazama jinsi orodha ilivyopangwa. Jina lake linafuatwa na wasaidizi wake, kisha mafundi wa mbao, kisha mafundi wa chuma, kila mmoja kwa jina lake. Leo wengi wanakubali kwamba Ateban alikuwa msanifu aliyesimamia kazi, na kwamba jina la marehemu lilikuwa kwenye jiwe jingine lililopotea. Kilichosafirishwa London, basi, ni kumbukumbu ya mafundi Waafrika waliotia saini kazi yao zaidi ya miaka 2,100 iliyopita.

Maandishi hayo na yale ya hekalu la Massinissa ndiyo yaliyowawezesha wasomi kuzifungua herufi za Kilibia, kwa kuyalinganisha majina upande wa Kipuniki na upande wa pili. Herufi za Tifinagh, ambazo Watuareg wa Sahara wameendelea kuziandika, ni za ukoo huohuo.

Jumuiya mbili, kilima kimoja

Mwaka 46 KK Julius Caesar aliwashinda mahasimu wake pale Thapsus, kwenye pwani ya Tunisia. Mfalme Juba I wa Numidia, aliyekuwa upande ulioshindwa, alijiua, na nchi yake ikageuzwa kuwa mkoa wa Roma. Walowezi wakaanza kuja. Dougga hawakufukuza mtu. Walikaa pembeni ya wenyeji, na kwa muda wa karne mbili kilima kimoja kikawa na jumuiya mbili: moja ya raia wa Kirumi, iliyohesabiwa kuwa sehemu ya Carthage mpya ya Kirumi, na nyingine ya wenyeji, iliyoongozwa na mahakimu walioitwa sufeti, cheo kilichorithiwa kutoka Carthage ya kale.

Maandishi ya Kilatini yaliyochongwa katikati ya karne ya 1 BK, zama za Kaisari Claudius, yanaonyesha jinsi mambo yalivyokwenda. Yanaitaja familia ya Julius Venustus, mwana wa Thinoba, na mkewe Gabinia Felicula. Baba wa familia ana jina la Kirumi, lakini baba yake yeye ana jina la nchi. Mmoja wa ukoo huo alitunukiwa heshima za usufeti bila malipo, kwa ajili ya mema ya baba yake, na uamuzi huo ulipitishwa kwa kura za milango yote. Yaani wenyeji walikuwa bado wanapiga kura kwa utaratibu wao, pengine kila mtaa na lango lake, na wakati huohuo walishatumia Kilatini kuandika matokeo.

Maneno yale ya bila malipo si madogo. Katika miji ya himaya, kiongozi hakulipwa mshahara. Yeye ndiye aliyelipa. Aliyechaguliwa kuwa hakimu au kuhani alitakiwa kutoa kiasi maalumu cha fedha kwenye hazina ya mji, na mwenye kutaka sifa aliahidi zaidi: hekalu, tao, sanamu, karamu ya watu wote. Jengo likikamilika, jina lake na la baba yake lilichongwa mbele. Familia tajiri zilishindana. Ushindani huo ndio uliojenga Dougga.

Ukumbi wa Quadratus

Njia ya wageni huanzia kwenye ukumbi wa wazi wa tamthilia, upande wa mashariki. Umechimbwa kwenye mteremko wa kilima, safu za mawe zikipanda nusu duara, na uliweza kukalisha watu 3,500 hivi. Aliyeketi juu huliona jukwaa, na nyuma ya nguzo za jukwaa huliona bonde lote la Khalled.

Ulitolewa na Publius Marcius Quadratus, mwaka 168 au 169 BK, alipokuwa kuhani wa ibada ya Kaisari Augustus. Maandishi yake marefu yanaorodhesha alichokilipia: jukwaa, baraza zenye nguzo, kumbi za pembeni, hata pazia la jukwaani. Siku ya uzinduzi aliwapa wananchi michezo ya kuigiza, akagawa takrima, akaandaa karamu na kuwalipia mafuta ya kuogea. Anasema ameujenga kwa ajili ya nchi yake ya kuzaliwa, na nchi anayoikusudia ni Dougga.

Ukoo huo wa Marcius ulikuwa umetoka tu kukamilisha zawadi nyingine. Mwaka 166 au 167 Lucius Marcius Simplex na Lucius Marcius Simplex Regillianus walikabidhi Capitolium, hekalu la Jupiter, Juno na Minerva, lililojengwa kwa kuwaombea heri makaisari Marcus Aurelius na Lucius Verus. Hilo ndilo jengo linaloonekana kwenye kadi za posta na kwenye mabango ya utalii: nguzo sita ndefu zenye vichwa vya mtindo wa Kikorintho, na juu yake pembetatu ya mawe inayomwonyesha Kaisari Antoninus Pius akichukuliwa mbinguni na tai.

Inafaa mgeni azunguke ubavuni mwa hekalu hilo na kuutazama ukuta kwa karibu. Nguzo za mbele ni za Roma, ila ukuta ni wa hapa. Waashi walisimamisha mihimili ya mawe makubwa wima, mmoja baada ya mwingine kwa nafasi, kisha wakaziba kati yake kwa mawe madogo na udongo au chokaa. Mihimili inabeba uzito, na mawe madogo yanajaza. Ufundi huu ulitumika Afrika Kaskazini tangu enzi za Carthage, nao wanaakiolojia wameuita kwa jina la Afrika. Hekalu la miungu mikuu ya Roma, lililolipiwa na familia ya hapa, limesimama kwa ufundi wa waashi wa hapa, na baada ya miaka zaidi ya 1,800 kuta zake ni miongoni mwa zilizobaki imara kabisa katika magofu yote.

Miungu nayo haikuhama. Juu ya ukumbi, kwenye ncha ya kilima, kuna mabaki ya hekalu la Saturn lililojengwa mwaka 194 au 195. Chini yake wachimbaji walikuta mahali pa zamani pa ibada ya Baal Hammon, mungu mkuu wa Carthage. Watu waliendelea kupanda kilima kilekile kumwomba mungu yuleyule kwa jina jipya. Upande wa pili wa mji, katikati ya mizeituni, liko hekalu la Juno Caelestis, ambaye kwa asili ni Tanit wa Carthage. Lilijengwa zama za Kaisari Severus Alexander, kati ya mwaka 222 na 235, kwa mali ya mtu wa ukoo wa Gabinius, na uwanja wake umezungushiwa baraza yenye umbo la mwezi mwandamo. Ukoo huo ulikuwa umekwisha kutoa mahekalu mengine mjini miaka 100 kabla, zama za Kaisari Hadrian.

Pepo kumi na mbili

Mbele ya Capitolium kuna kiwanja kilicholipiwa, pamoja na hekalu la Mercury lililo kando yake, na mtu na mkewe mwishoni mwa karne ya 2: Quintus Pacuvius Saturus na Nahania Victoria. Jina la mwisho la mama huyu ni la Kilatini, la kwanza ni la Afrika, na yote mawili yamekaa kwenye jiwe bila ugomvi.

Sakafuni mwa kiwanja hicho, kwenye vibamba vya mawe, mtu wa zama za baadaye alichora duara kubwa na kuligawa sehemu 12, kisha akaandika ndani yake majina ya pepo 12. Septentrio ni upepo wa kaskazini, Auster wa kusini, Favonius wa magharibi. Upepo wa kusini-magharibi, unaovuma kutoka bara, umeandikwa Africus. Herufi zimelika kwa nyayo na mvua, lakini asubuhi jua likiwa bado liko chini, kivuli huingia kwenye mikato na majina yakasomeka. Wakulima na wafanyabiashara waliokuja sokoni walisimama juu ya chombo hicho cha kujua mwelekeo. Kwa ajili ya ngano yao, kujua mvua inatoka wapi ilikuwa kazi, si anasa.

Maji ndiyo yaliyokuwa shida ya mji wa kilimani, na suluhisho lake bado linaonekana. Upande wa magharibi yako mabirika makubwa ya Ain Mizeb, vyumba saba virefu vya dari ya tao vilivyopangwa sambamba, vilivyokusanya maji ya chemchemi. Mabirika mengine yalilishwa na mfereji uliotoka chemchemi ya Ain el Hammam, kilomita 12 hivi kutoka mjini, ukipita kwenye mabonde juu ya matao. Kutoka hapo maji yaligawiwa kwenye visima vya umma na kwenye nyumba za kuogea, na kubwa kati ya hizo ni zile za karne ya 3 ambazo huitwa za Licinius. Wafanyakazi walihudumia matanuri kupitia njia za chini ya ardhi, na mgeni anaweza kupita humo hadi leo.

Karibu na nyumba ndogo ya kuogea ya mtaa wa kusini kipo choo cha umma ambacho kila mtu hukipiga picha: benchi la jiwe lenye umbo la kiatu cha farasi na matundu 12, bila ukuta wa kutenganisha, na mbele yake beseni la kunawia. Nyumba hiyo inaitwa ya Macyclops, kutokana na picha iliyokutwa sakafuni. Ni mozaiki, yaani picha iliyopangwa kwa vijiwe vidogo vya rangi, inayoonyesha majitu matatu yenye misuli yakifua radi za Jupiter kwenye pango la Vulcan. Nyumba nyingine ilikuwa na mozaiki ya Ulysses, amefungwa kwenye mlingoti wa jahazi lake, akiwasikiliza nguva wenye miguu ya ndege wakimwimbia. Picha zote mbili ziko Bardo, na haifai kumaliza safari ya Dougga bila kwenda kuziona. Mwenye nyumba ile aliishi kilimani, mbali na bahari, kati ya ngano na mizeituni. Alimtaka Ulysses sakafuni kwa sababu alizijua hadithi za Homer na alitaka wageni wake wajue kwamba anazijua.

Mwaka 205, Kaisari Septimius Severus, Mwafrika mzaliwa wa Leptis Magna katika Libya ya leo, aliziunganisha jumuiya mbili za Dougga kuwa manispaa moja. Tao lililojengwa kumshukuru bado lina mabaki yake upande wa mashariki. Mwaka 261, zama za Gallienus, mji ulipanda cheo kuwa koloni, daraja la juu kabisa la heshima. Kwa wakati huo hapakuwa tena na njia ya kumtenga mzao wa mlowezi na mzao wa Thinoba.

Ngome, kijiji na majembe ya watafiti

Wavandali waliitwaa Carthage mwaka 439, na karne moja baadaye, mwaka 533, majeshi ya Justinian, kaisari wa Wabizanti, yakaichukua kutoka kwao. Kisha Wabizanti wakageuza katikati ya Dougga kuwa ngome. Walizungusha ukuta kwenye Capitolium na uwanja wa baraza, na mawe waliyoyatumia waliyavua kwenye majengo ya jirani. Leo mgeni anaona herufi za Kilatini zimegeuzwa kichwa chini katikati ya ukuta wa ngome: sifa za mfadhili fulani zimekuwa tofali.

Waislamu walipokuja kutoka mashariki, mji ulikuwa umepungua, lakini haukufa. Watu waliendelea kuishi ndani yake, wakajenga nyumba zao kwa mawe yaliyokuwa tayari yamechongwa, wakapanda mizeituni, wakasali katika msikiti mdogo uliojengwa juu ya msingi wa hekalu la kale karibu na kiwanja cha pepo. Msikiti huo bado upo. Wanakijiji hao ndio waliolitunza jina. Thugga ya Warumi ikaendelea kutamkwa Dougga kizazi baada ya kizazi.

Uchimbaji ulishika kasi baada ya Ufaransa kuitawala Tunisia mwaka 1881. Daktari wa jeshi Louis Carton alifukua hekalu la Saturn na ukumbi wa tamthilia katika miaka ya 1890. Kila jengo lilipofukuliwa, kijiji kilizidi kuonekana kikwazo, na katika karne ya 20 wakazi walihamishiwa kijiji kipya, Dougga Mpya, chini karibu na barabara. Familia zilizokuwa zimeishi juu kwa karne nyingi zilitoka ili wageni wapate kuona mji bila watu. Baadhi yao waliendelea kupanda kilimani kutunza mizeituni yao, na wapo vijana wa kijiji hicho wanaofanya kazi ya kulinda na kuongoza wageni. Majira ya joto ukumbi wa Quadratus hupokea tamasha la muziki na maigizo, na watu wa Teboursouk na vijiji vya jirani huketi kwenye mawe yaleyale.

Tangu miaka ya 1990 kazi kubwa imekuwa ya kusoma. Timu ya Watunisia na Wafaransa, iliyoongozwa na Mustapha Khanoussi wa Taasisi ya Taifa ya Urithi ya Tunisia pamoja na Louis Maurin wa Ufaransa, ilikagua upya maandishi ya majengo na kuyachapisha mwaka 2000. Miaka miwili baadaye ikachapisha maandishi ya makaburi, zaidi ya mawe 1,000. Humo hamna makuhani na wafadhili peke yao. Wamo wakulima, wake zao, watoto, wazee, wengi wakiwa na mistari mitatu tu: jina, kwamba aliishi kwa uchaji, na miaka aliyoishi. Majina mengine ni ya Kilatini tupu, mengine ya Kipuniki, mengine ya Kilibia yaliyoandikwa kwa herufi za Roma. Baadhi ya mawe hayo yaliokotwa mashambani au yakakutwa yamejengewa kwenye kuta za nyumba, na kwa kuwa sehemu kubwa ya kilima bado iko chini ya mizeituni, orodha hiyo ya watu wa Dougga ingali na nafasi ya kurefuka.